UZI: Kubadilisha gari kwa topapu bila kuliwa kwenye bei ya gari yako

#1 (mtoa mada)

Wakuu habari za muda huu.

Naona kila siku humu mtu anauliza nina IST nataka kupanda Premio, nina Vitz nataka Dualis, niende yadi gani nifanye topapu (nitoe gari yangu na kuongeza hela nipewe nyingine) wasinilie, afu majibu yanakuwa yale yale "uza mwenyewe mkuu" na uzi unafia hapo. Mimi nimekaa kwenye biashara ya yadi hapa Dar miaka kadhaa, saiv nafanya mambo mengine kabisa, kwaiyo simwogopi mtu na simtangazii mtu biashara. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite tu.

Kwanza toa kichwani lile swali la "gari yangu mtaichukua bei gani". Hilo ndo swali watu wa yadi wanalipenda kuliko yote, ukishaliuliza tu umeshawapa usukani. Bei ya gari yako kwenye topapu haisimami peke yake, imebebwa na bei ya gari yao. Wakitaka kukufurahisha wanapandisha ya kwako na ya kwao inapanda kimya kimya, wewe unatoka pale unamsimulia shemeji yako jinsi ulivyowabana.

Chukua mfano. Una IST, mtaani umeshaambiwa mil 8, mwingine kasema 8 na nusu. Unafika yadi unakuta Premio imeandikwa mil 26. Jamaa anaizunguka IST yako, anapiga piga matairi, anaingia ndani anakaa, anatoka anakwambia "bosi kwa sababu ni wewe, hii naichukua 10, niongezee 16 uondoke na Premio yako leo". Roho inatulia kabisa, 10! Kumbe Premio ile ile jana kaja mtu na keshi mkononi kaambiwa 23 na nusu mwisho wa maneno. Sasa toa 16 kwenye 23 na nusu, inabaki 7 na nusu. Hiyo 7 na nusu ndo hela uliyopewa kwenye IST yako, ile 10 ilikuwa ni maneno ya kukupoza.

Kwaiyo hesabu ni moja tu: bei ya keshi ya gari yao, toa nyongeza unayotakiwa kuweka, kinachobaki ndo bei ya gari yako. Na ili uijue bei ya keshi ni lazima uipate KABLA hawajajua una gari ya kubadilisha. Ukienda na gari yako ukapaki mbele ya geti lao wameshajua. Panda bodaboda. Au mtume mdogo wako, au piga simu ulizia kama mnunuaji wa kawaida, bana bei mpaka ifike chini kabisa, mwambie akutumie meseji yenye hiyo bei, meseji iandikwe. Siku nyingine ndo unakuja na IST yako.

Pili, jua bei ya gari yako inatoka wapi. Watu wengi wanaangalia Insta wanaona IST kama yake mtu kaandika 12 anasema basi na yangu 12. Ile ni bei ya kuomba mkuu, tangazo linaweza kukaa hapo mpaka picha zinachakaa. Njia nzuri zaidi ni kuangalia gari kama yako ikiagizwa leo itafika kwa shilingi ngapi, maana hiyo ndo dari, hakuna mtu atanunua yako iliyotumika hapa kwa bei ya kuagiza nyingine. Ingia BE FORWARD au SBT (wauza magari ya Japani mtandaoni) uone CIF (bei ya gari pamoja na bima na meli mpaka bandarini) ya gari ya mwaka huo, afu njoo kwenye kodi. Kwa gari ya cc 1500 iliyozidi miaka 10, ushuru wa forodha ni 25%, ushuru wa bidhaa 5%, uchakavu 30%, afu VAT 18% inakuja juu ya vyote. Ukipiga kwa CIF ya dola 3,000 unapata forodha 750, ushuru wa bidhaa 187 na nusu, uchakavu 1,125, VAT 911 na kitu. Jumla kama 2,970, yaani kodi peke yake karibu inaifikia gari. Na hapo bado tozo ya reli, bandari, wakala na usajili, na TRA hawaangalii risiti yako ya kununulia, wana thamani zao kwenye mfumo, kikokotoo kipo kwenye tovuti yao. Ndo maana dola ikipanda hata IST ya namba C (usajili wa zamani) iliyochoka bei inajivuta juu, mwenye nayo anajiona mjanja wa biashara kumbe ni dola tu.

Kutoka kwenye hiyo dari sasa unaanza kushuka. Bongo tunashusha kwa namba ya usajili kwanza, mwaka wa kutengenezwa baadae. IST ya 2004 yenye namba E (iliyosajiliwa hapa karibuni) na IST ya 2004 yenye namba C ni umri mmoja, zimetoka kiwandani pamoja, ila moja imekula lami ya Japani miaka yote hiyo na nyingine imekula barabara ya Goba na Kivule. Wanunuzi wanajua, yadi wanajua zaidi. Baada ya namba ndo inakuja hali ya bodi, injini, gia, rangi ya gari (nyeupe, silva na nyeusi zinatoka haraka, ile ya zambarau uliyoipenda mwenyewe utaipigania) na aina ya gari. Toyota inashikilia bei, hilo halina mjadala. Mjerumani au Nissan yenye gia ya CVT jiandae kisaikolojia, sio kwamba ni mbovu, ni kwamba yadi inaogopa kulala nayo.

Tatu, na hii watu hawaisemi. Yadi ziko za aina mbili na nje zinafanana. Kuna yadi yenye gari zake, kaagiza mwenyewe kwa hela yake. Na kuna yadi ambayo zaidi ya nusu ya gari pale ni za watu, mwenye gari kaileta kuuziwa, dalali anaweka cha juu chake. Ukienda kufanya topapu kwenye gari ya mtu, yule mwenye gari hataki IST yako, anataka hela yake. Maana yake dalali atatakiwa aigeuze IST yako iwe hela ndani ya siku chache, na ili aigeuze haraka lazima aichukue kwa bei ya kutupa. Hata awe na roho nzuri vipi hesabu haimruhusu. Kwenye gari ya kwake mwenyewe anaweza kuvumilia mwezi, anaipiga polishi, anaiweka mbele barabarani, kwaiyo ana nafasi ya kukuongeza. Uliza moja kwa moja: kadi ya hii gari ipo kwa jina la nani? Kama haijasajiliwa bado ndo vizuri kabisa, kadi itatoka na jina lako kuanzia mwanzo.

Nne, fundi wa yadi. Huyu ataletwa "aicheki kidogo". Atarudi na orodha: raki inavuja, gia inachelewa kuingia, bushi za mbele zimekwisha, mlango wa kushoto umerudiwa rangi, jumla mil 2 tunatoa kwenye bei. Inawezekana yote ni kweli. Ila bei alizoziweka ni za spea mpya orijino na ufundi wa dukani, wakati yeye akishaichukua atafunga bushi za Ilala na mlango atauacha hivyo hivyo. Dawa yake nenda kwa fundi wako wiki hiyo hiyo, ipimwe kwenye mashine, pita Gerezani uulize bei za hizo spea, andika kwenye karatasi. Akisema raki laki 6 unamwekea karatasi mezani, mzee mimi nimeambiwa hii, ukitaka nakupeleka dukani sasa hivi. Anashuka, nimeona wakishuka.

Halafu kuna mchezo wa funguo. Wanachukua funguo "kijana aizungushe kidogo", kijana anapotea, unakaa saa nzima na soda yako pale, mchana umekwisha, umechoka, ndo wanakuja na ofa. Funguo usitoe. Anayetaka kuijaribu mwende wote.

Nitaendelea na mambo ya kadi chini, kwanza niwasikie.

#2

Nakaa mbele kabisa hapa. Mtoa mada nina Passo namba C gia inagonga ikitoka moja kwenda mbili, AC ni upepo wa Mungu. Nataka Harrier tako la nyani. Niambie tu ukweli

#3

Mkuu #2 wewe ongeza hiyo Passo juu ya Harrier kama zawadi 😂😂

#4

Mtoa mada mimi ni dalali, sijifichi, na umetuvua nguo kweupe ila mengi ni kweli. Sasa na mimi niseme ya upande wetu maana humu dalali akitajwa watu wanaona mwizi.

Mtu analeta gari anataka niichukue kwa bei ile ile ambayo angemuuzia mtu wa mwisho. Mimi nikiichukua 9 siiuzi 9. Kuna kijana anayeosha kila asubuhi, kuna kodi ya eneo, kuna betri inakufa ikikaa bila kuwashwa, kuna aliyemleta mteja naye anataka chake, kuna mteja anakuja anaomba ipungue laki 5 tena. Na hela yangu imelala kwenye gari yako badala ya kuzunguka. Sasa kama nikiwa chini ya bei ya mtaani kwa mil 1 au mil 1 na nusu kwenye gari ya mil 9 mimi naona ni haki, nimekuondolea usumbufu wote wa kupokea simu za watu wanaouliza "mwisho ngapi" afu hawaji. Ikizidi hapo ndo unaweza kusema nimekula.

Kingine wateja nao wana uongo wao. Anakuletea gari imerudishwa kilometa inasoma 78,000 wakati usukani umekwanguka ngozi na pedali ya breki mpira umelika mpaka chuma kinaonekana. Gari ya elfu 78 pedali haiwi hivyo. Mimi nikishaona umenidanganya hapo na mengine yote nayashusha, hata yale uliyosema kweli.

#5 (mtoa mada)

Dalali #4 nakuheshimu, hiyo ndo lugha tunayoitaka. Nakubali kabisa pengo lazima liwepo, anayetaka pengo liwe sifuri auze mwenyewe. Ninachopinga ni pengo kufichwa. Niambie gari yako naichukua 8, yangu keshi ni 23 na nusu, ongeza 15 na nusu, nitaamua. Sio unipe 10 ya maneno afu unirudishie kisogo.

Na hilo la kilometa ni kweli tupu, watu wa mtaani wanajiona wajanja wanampelekea fundi elfu 30 arudishe, wanasahau kuna stika ya oili imebandikwa ndani ya boneti imeandikwa kilometa za mwaka juzi 142,000 😂

#2 boss Passo yako usikate tamaa. Ile gari ni cc 996, ushuru wa bidhaa ni sifuri, kwaiyo kuna watu wanaitafuta hasa wa kufundishia na wa taksi za mtandaoni. Ila hiyo gia tengeneza au sema ukweli mapema, ikigonga mbele ya mteja ndo anakata hela nyingi kuliko ungelipa fundi.

#6

Kwa upande wa fundi naongezea kidogo, maana watu wanapoteza hela kwenye vitu visivyorudisha.

Usipige gari rangi nzima kabla ya kubadilisha. Rangi mpya kwenye gari ya zamani kila mtu anajiuliza unaficha nini, na bolti za boneti na za mlango zikiwa na alama za spana basi wanasema ilipinduka, hata kama ulikwaruzwa tu na bajaji Mwenge. Usioshe injini ikang'aa kama sufuria, mnunuzi mzoefu anataka kuona vumbi lake la kawaida maana panapovuja oili panaonekana.

Vinavyorudisha hela: taa za mbele zilizokuwa za njano zipolishiwe, ni hela ndogo na gari inaonekana imerudi miaka mitano. Taa ya injini kwenye dashibodi kama inawaka tafuta sababu uitoe, sio kuifuta kwa mashine tu, itarudi wakiwa wanaijaribu. AC ipige baridi. Ndani isinuke, hasa kama ulikuwa unabeba samaki au unavuta sigara. Funguo ya pili kama unayo itafute, gari nyingi za Japani zinafika na moja tu kwaiyo ukiwa nazo mbili unaonekana mtu wa utaratibu.

Matairi angalia ubavuni kuna tarakimu nne, kwa mfano 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Yadi wanaangalia hizo kuliko makali ya tairi. Usinunue matairi mapya manne ili ubadilishe gari, hela hiyo hairudi yote, ila kama mawili yamekufa weka mawili ya wastani.

Na fungua mwenyewe mfuniko wa oili kabla hawajaufungua wao. Ukikuta kitu kama maziwa chini ya mfuniko, maji yameingia kwenye oili, hapo usiende yadi kwanza njoo gereji.

#7

Habari ndugu zangu, mimi ni mama wa watoto wawili nimebadilisha Spacio kwenda Rumion mwaka huu. Ambacho hamjasema ni kwamba ukienda mwanamke wanakuuliza "shemeji yuko wapi tuongee nae". Nilienda na binti wa dada yangu, yadi ya kwanza jamaa alikuwa ananiambia Spacio haina soko kabisa mama, ni msaada tu nakupa. Nikamjibu basi kama ni msaada usijisumbue kaka yangu, nikageuka. Hatujafika kwenye geti anatuita.

Mimi sikufanya hesabu kubwa kama za mtoa mada. Niliandika kwenye daftari gari ninayoitaka aina moja, mwaka mmoja, na kila yadi niliuliza kitu kimoja tu: nikikupa Spacio hii kama unavyoiona, nikuongeze ngapi niondoke na Rumion, kadi mkononi. Sikutaka kujua Spacio wameiweka bei gani. Tofauti kati ya yadi na yadi ilikuwa kubwa mpaka nikashangaa, gari zinafanana kabisa. Na yule aliyenipa nyongeza ndogo ndo aliyekuwa ananisifia gari yangu kidogo kuliko wote.

#8 (mtoa mada)

Dada #7 hapo umemaliza kila kitu, tena umefupisha uzi wangu. Kuuliza nyongeza tu kwa gari zinazofanana ni njia safi kabisa, inafanya kazi ile ile ya kutoa na kujumlisha. Inakwama tu pale gari ziko tofauti, moja ya 2009 nyingine ya 2011, hapo ndo unahitaji bei ya keshi.

#9

Salaam kutoka Nairobi wakubwa. Hii kitu hata huku iko sana, yadi za Ngong Road na Kiambu Road zote zimeandika wanachukua gari yako na utopapu. Tofauti ya kwetu ni kwamba sheria hairuhusu kuagiza gari iliyozidi miaka minane, kwaiyo mtu akiona gari ina namba ya KD anajua iliingia kuanzia 2020 na ukitoa miaka minane anajua iko mwaka gani hivi. Hatuna hizo za 2004 zinaingia leo kama nyinyi bana. Sasa gari za zamani za huku zinashikilia bei vibaya sana sababu hakuna zingine za mwaka huo zinakuja.

Mimi nilifanya hivi, nikapeleka gari kwa AA Kenya wakanifanyia valuesheni, ile ya bima na benki. Nikaenda nayo yadi. Jamaa akacheka akasema hiyo ni karatasi ya bima, sio ya soko. Na ni ukweli iko juu kidogo. Lakini ilisaidia maana hakuweza kuniambia injini imekufa wakati mtu wa AA ameandika iko sawa na ameweka muhuri. Kupeana gari huku ni kwa eCitizen, muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali, usipoanzisha logibuku (kadi ya gari) inabaki kwa jina lako. Watu wengi wanaacha yadi iende nayo hivyo hivyo, halafu mwaka unaisha unapigiwa simu na polisi wa Naivasha.

#10

topapu ni utapeli tu acheni kupamba. uza mwenyewe nunua mwenyewe. mimi IST yangu niliuza kwa mtu wa mwisho hela nzuri kabisa sikumpa dalali hata mia

#11

#10 hongera ila sio kila mtu ana muda huo na usalama huo. Mimi nilimpa mtu ajaribu gari Sinza akataka tuelekee Bunju "nionyeshe mke wangu", nikashuka kwenye taa. Mwingine akanitumia meseji ya malipo feki, jina la benki liko pale, salio limeongezeka kwenye meseji, nikiingia kwenye akaunti hamna kitu. Kama unauza mwenyewe malipo yafanyike ndani ya benki na uone hela kwenye akaunti yako, meseji sio hela. Na kama gari ndo inakupeleka kazini ukishaiuza unakaa kwenye daladala mpaka upate nyingine, hiyo nayo ni gharama.

#12

Niko Houston wakuu, huku tunafanya hivi hivi ila kuna kitu kinafanya iwe na maana zaidi. Texas kodi ya mauzo ya gari ni 6.25%, na ukimpa dila (mwenye yadi) gari yako kodi inahesabiwa kwenye ile tofauti tu. Gari ya dola 30,000, yako wameichukua 10,000, unalipa kodi ya 20,000, umeokoa dola 625. Kwaiyo hata dila akikupa bei ya chini kidogo kuliko mtu wa mtaani inaweza kulingana. Sio majimbo yote, California hawana hiyo. Halafu kuna Kelley Blue Book, wapo tangu 1926, kila mtu anaingia anaweka kilometa zake na hali ya gari anapata bei ya kubadilishia na bei ya kuuza mwenyewe, zimetenganishwa kabisa. Dila hawezi kukuambia haijui. Bongo mtu akitengeneza kitu kama hicho cha bei zilizouzwa kweli, sio za matangazo, atatusaidia sana.

#13 (mtoa mada)

Mkuu #12 hicho kitu kikiletwa bongo madalali watakichoma moto 😂. Na hapo kwenye kodi umegusa. Huku hakuna nafuu hiyo. Kila kadi inayobadilishwa jina ni muamala wake, IST yako kwenda kwao na Premio kuja kwako, kila moja na ushuru wake wa stempu wa 1% ya thamani ya gari na ada ya kadi mpya. Ndo maana yadi hazipendi kuhamisha kadi ya gari uliyowapa, wanataka ikae na jina lako mpaka wapate mnunuzi, ahamishiwe moja kwa moja, stempu moja imeokolewa.

Hapa ndo naomba msome polepole. Siku unatoa gari ile bei mmeshakubaliana, unaona umemaliza, unasaini karatasi ya yadi isiyo na kichwa wala miguu, unatoa kadi na picha mbili na nakala ya kitambulisho, unaondoka. IST inazunguka mjini miezi minne kwa jina lako. Inapigwa tochi Chalinze, faini inaingia kwenye namba ile. Inapakiwa mjini kila siku, deni la maegesho linasoma kwenye namba ile. Ikigonga mtu na kukimbia, askari wanaanza na jina lililopo kwenye kadi. Kuna watu wanakuja kujua wakati wanaenda TRA kwa mambo yao mengine kabisa wanaambiwa una magari mawili.

Kwaiyo kwenye bei nayo weka hii: kama yadi inataka kadi ikae kwa jina langu, hiyo ni huduma nawapa, ilipiwe. Mimi nimeona mtu akipunguziwa nyongeza laki 4 kwa sababu hiyo tu na bado mkataba uliandikwa kwa wakili, tarehe na SAA ya kukabidhi gari, kwamba kuanzia saa hiyo kila faini na ajali ni juu ya yadi, na mwisho wa kuhamisha ni siku 30. Wakikataa kusaini hiyo basi wahamishe siku hiyo hiyo, mnaenda TRA pamoja, kila mtu na TIN yake.

Kabla hujaenda, ingia kwenye mfumo wa polisi wa TMS weka namba yako uone madeni ya faini, na angalia ya maegesho pia. Lipa. Wakiyakuta wao watayatoa kwenye bei mara mbili. Na fanya hivyo hivyo kwa gari yao kama imeshasajiliwa, usinunue Premio yenye faini za mtu wa Mbeya.

#14

Swali mtoa mada. Gari yangu ina mkopo, kadi iko benki, imebaki kama mil 3. Yadi wanasema hamna shida tunalipa sisi benki. Ni sawa?

#15 (mtoa mada)

Inawezekana ila usiache wao walipe kwa mdomo. Nenda benki uombe barua ya salio la kumaliza mkopo, ina tarehe yake na kiasi kamili, mara nyingi kinakuwa tofauti na unachokiona kwenye simu kwa sababu ya riba na ada ya kumaliza mapema. Yadi waweke hela moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, wewe ukiwepo, benki itoe kadi na barua kwamba hawadai, afu ndo gari ihame. Usitoe gari kabla mil 3 haijaonekana benki, maana yadi ikichelewa wewe ndo unabaki unalipa rejesho la gari ambayo mtu mwingine anaendesha.

Na kwenye hesabu usichanganye. Bei ya gari yako ni kitu kimoja, deni ni kitu kingine. Wapo wanaokwambia "gari yako 9 lakini ina deni 3 kwaiyo tunaichukua 5", ukiuliza mil 1 imeenda wapi wanasema usumbufu wa benki. Usumbufu gani, foleni?

#16

Nauliza, stempu ya hiyo IST analipa nani, mimi au wao? Maana mimi nimeambiwa muuzaji

#17

Mpokeaji wa gari ndo anayelipa kwa mazoea ya mjini, maana yeye ndo anataka jina lake liingie kwenye kadi. Ila kwenye topapu wanajifanya wewe ulipe zote mbili, ya IST na ya Premio. Mimi niligoma.

#18 (mtoa mada)

Kama alivyosema #17. Iandikwe kwenye mkataba kabla ya hela kutoka: stempu ya gari yangu ni yenu, ya gari yenu ni yangu. Kwenye gari ya mil 8 hiyo ni elfu 80, sio hela ya kugombania sana ila wakikulipisha wewe basi ijumlishe kwenye nyongeza yako uone kama bado ni ile mliyokubaliana.

#2 umeshaipeleka Passo kwa fundi?

#19

Imeenda leo asubuhi, anasema aanze na oili ya gia kwanza. Harrier wamesema nyongeza 19, nikauliza keshi ngapi wakakaa kimya, wamesema watanipigia.